Tufundishwe Maji Madogo Kwanza

Na mwanafunzi wa S.3, Nakivale

Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalicheka mtakapolisikia kwa mara ya kwanza. Nasema kwamba shule zetu, za Mbarara na za huku Nakivale, zingefanya vema kutufundisha kuendesha chombo kidogo kiitwacho kayaki. Tena zitufundishe katika maji madogo, yaani vijito vya mwendo wa pole vyenye mawe na vijiporomoko visivyozidi kimo cha goti, siyo katika ziwa wala katika mto Nile. Chekeni basi, lakini mkiisha kucheka msome mpaka mwisho.

Kwa wale wasioijua, kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Mwendeshaji huketi chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele, na kafi lake lina bapa mbili, moja huku na moja huku, hata hapigi maji upande mmoja kama wavuvi wetu bali hupiga kulia na kushoto kwa zamu. Siku hizi kayaki hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Ile ya mtoni ni fupi, kama mita mbili na nusu, na mtu mwenye nguvu aweza kuibeba begani peke yake. Kiunoni mwendeshaji huvaa kitu mfano wa sketi, kinachofunika tundu alilokalia ili maji yasiingie. Na mbele ya sketi hiyo pana kishikio, ambacho chombo kikipinduka yeye hukivuta akachomoka. Kukitafuta kishikio hicho gizani chini ya maji, bila kuhangaika, ni katika mambo ya kwanza kabisa ambayo mwanafunzi hufundishwa. Asiyelijua hilo hajaanza, hata akiwa na misuli ya simba.

Ukitaja kayaki katika Uganda, watu hufikiri Jinja, nao wana haki. Huko ndiko Nile inakotoka katika Ziwa Viktoria, na kwa miaka mingi wageni wa Ulaya, Marekani na New Zealand wamekuwa wakija kucheza na mawimbi yake. Vijana wa Busoga waliozaliwa ukingoni hawakukaa kutazama tu. Wamekuwa hodari, na mmoja wao, Sadat Kawawa, amepata kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Hilo ni jambo la kujivunia, nami najivunia ijapokuwa si Msoga wala si raia wa nchi hii.

Walakini mto huo umebadilika sana. Maporomoko ya Ripon, ambayo Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama zamani, pale bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji mwaka 2011, na mitambo ya umeme ya hapo ikafunguliwa mwaka uliofuata. Kisha bwawa la Isimba lilifunguliwa mwaka 2019, nalo likafunika mikondo mingine waliyoipenda sana watu wa kayaki. Itanda bado ipo, inanguruma. Mimi siulaumu umeme hata kidogo. Anayesoma usiku kwa kibatari hana haki ya kuulaumu. Nasema tu kwamba yule anayedhani mchezo huu ni wa maporomoko makubwa peke yake aangalie jinsi maporomoko makubwa yanavyopungua moja baada ya jingine. Vijito vidogo kwa kawaida havijengewi mabwawa makubwa ya umeme.

Nilipata kufika Jinja pamoja na wenzangu katika safari ya shule. Wenzangu wengi walirudi wakisimulia wimbi kubwa tuliloliona na mzungu aliyepinduka mara tatu akaibuka akicheka. Lakini lililonikaa mimi akilini ni jambo lingine. Pembeni, mahali maji yalipokuwa yametulia kama ya karai, palikuwa na watu wanne wanaoanza kujifunza, na asubuhi nzima hawakufanya jambo lolote la kusimuliwa. Walipinduka, wakatoka, wakamwaga maji, wakaingia tena. Baadaye wakapelekwa mahali maji yanaposogea kidogo, basi. Hapana hata mmoja aliyepelekwa kwenye wimbi lile. Nikajiuliza: kama hata penye Nile yote mtu huanzishwa katika maji ya karai, sisi wa Ankole twakosa nini?

Wenye mchezo huu wameyapanga maji ya mito kwa madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayotembea, yenye viwimbi vidogo, ambayo mtu akianguka aweza kuogelea hadi ukingoni bila taabu. La pili lina mawe na mikondo myepesi, lakini njia yaonekana wazi. Kutoka hapo mambo huzidi kuwa magumu mpaka la sita, ambalo hata mabingwa hulitazama kwanza kwa muda mrefu, na wengi wao hubeba vyombo vyao wakapita kwa miguu. Mimi nasema habari za daraja la kwanza na la pili tu. Anayetaka la sita na amwandikie mama yake barua kwanza.

Watu hudhani maji madogo hayana elimu. La hasha! Kijito cha pole ni kitabu kizima, nacho husomwa hivi. Ukitazama mbele ukaona maji laini, meusi, yaliyochorwa kama herufi V yenye ncha inayoelekea chini mtoni, hiyo ndiyo njia. Maji yamepita kati ya mawe mawili, na wewe pita hapo. Ukiona V ambayo ncha yake inakutazama wewe, hapo pana jiwe, na hiyo ncha ndiyo pua yake. Nyuma ya kila jiwe kubwa pana maji yaliyotulia, wakati mwingine yanarudi juu kinyume cha mto. Hapo ndipo mahali pa kupumzika, pa kugeuka kuangalia wenzako, pa kupanga safari ya mita ishirini zijazo. Asiyejua hupita kijito kizima kwa mbio moja kama gogo. Anayejua hukipita kwa vituo, jiwe hata jiwe, kama mtu apandaye ngazi akitazama picha ukutani.

Na kijiporomoko je? Kile cha kimo cha goti hakitaki ushujaa. Chataka uwe umekitazama kwanza ukiwa nchi kavu, ujue kwamba chini yake hapana jiwe wala gogo. Kisha ukiendee ukiwa umenyooka, ukipiga kafi, mwili umeinama mbele. Woga humfanya mtu aache kupiga kafi na kujivuta nyuma, na hapo ndipo maji humgeuza ubavu na kumpindua. Jambo hili nimelifikiri sana. Katika masomo ya hesabu twafanya vilevile: tukifika penye swali gumu twaacha kupiga kafi.

Yako pia mambo ambayo maji madogo huyaficha, na mwalimu asiyeyajua asipewe watoto. Ukianguka katika maji yanayokwenda kasi, usijaribu kusimama wakati maji yangali juu ya magoti, maana mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi, na maji yasiyofika kiunoni yakakuua. Lala chali, miguu mbele kuelekea chini mtoni, piga mikono kuelekea ukingo. Mti ulioanguka mtoni ni mbaya kuliko jiwe, kwa kuwa maji hupita kati ya matawi lakini mtu hapiti. Na ile kuta ndogo ya saruji inayojengwa kukinga maji mtoni, inayoonekana nzuri na sawasawa kama ngazi ya kanisa, ni ya kuogopwa kupita maporomoko ya asili ya kimo hichohicho, kwa sababu chini yake maji hujizungusha na kumrudisha mtu palepale, upana wote wa mto, pasipo mwanya wa kutokea. Je, wangapi kati yetu tuliolelewa karibu na maji twayajua haya? Mimi niliyajua kwa kusoma, na nilikuwa nimekwisha kuvuka mito mitatu na ziwa moja kabla ya hapo.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Makazi haya ya Nakivale yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na tangu hapo yamepokea watu wa Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko, hata leo tu zaidi ya watu laki moja. Wengi wetu tumefika hapa kwa kupita maji. Wapo waliovuka Ziwa Alberti usiku katika mashua zilizojaa. Wapo waliovuka Rusizi na Kagera. Tumekaa kando ya ziwa, wavuvi wetu wanaingia ziwani kila siku, watoto wetu wanachota maji humo kwa madumu. Pamoja na hayo, katika darasa langu la wanafunzi wengi kama siafu, niliuliza ni nani ajuaye kuogelea kwa hakika, nikapata mikono mitano, na mmoja kati ya hiyo mitano alikuwa anatania.

Msiniambie kwamba hilo ni jambo dogo. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliotoka makazi ya Kyangwali, wakirudi kwao, ilipinduka katika Ziwa Alberti. Walikufa zaidi ya watu 100, na wengi wao walikuwa watoto. Walikuwa watu kama sisi, wenye magunia kama yetu, waliokwisha kuokoka vitani. Wakafa siku ya kurudi nyumbani, siku nzuri. Mwezi Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30, na hao hawakuwa wakimbizi, walikuwa watu wa mjini wenye simu nzuri. Maji hayaulizi kitambulisho. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, karibu nusu yao wakiwa chini ya umri wa miaka 30, na Afrika ndiyo yenye vifo vingi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Kinyume chake, mkumbuke Yusra Mardini, msichana wa Shamu. Mwaka 2015 alikuwa katika mashua ya mpira kutoka Uturuki kwenda kisiwa cha Lesbos, na mashine ikazimika baharini, mashua ikaanza kuingia maji. Yeye na dada yake walikuwa waogeleaji waliofundishwa. Wakajitosa, na kwa muda wa saa tatu na zaidi wakasaidia kuivuta mashua ile mpaka nchi kavu, wote wakapona. Mwaka uliofuata alishindana Rio katika timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, timu ya watu 10 ambayo ndani yake walikuwamo pia Wakongo wawili wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Tangu hapo timu hiyo imekuwa na watu wa kayaki vilevile. Saeid Fazloula, mzaliwa wa Iran, alishindana Tokyo na Paris. Sitaji haya ili kila mtoto wa Base Camp aote medali. Nayataja kwa sababu watu husema ati michezo ya maji si ya wakimbizi.

Wengine husema si ya Waafrika. Neno hili hunikasirisha kuliko yote, maana husemwa na watu waliosoma. Kayaki yenyewe hakuibuni mzungu wa Jinja. Waliibuni watu wa barafu, Inuit wa Greenland na kaskazini ya Amerika, kwa mifupa, mbao za kuokota na ngozi za sili, ili wapate chakula. Na sisi je? Wagenia wa Kisangani walikuwa wakitega nyungo zao kubwa za uvuvi katikati ya maporomoko ya Boyoma kabla Stanley hajafika kuyapa jina lake. Waganda wana mashindano ya mitumbwi ya Kabaka, ukoo kwa ukoo. Wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu hufunga mashua tatu pamoja na kuimba usiku kucha. Mtu wa Bukavu akiambiwa kwamba kafi ni kitu cha kigeni, amtazame vizuri huyo amwambiaye.

Neno la mamba na viboko ni la haki, wala silipuuzi. Wazee wa Rubondo husema kiboko wa usiku hana rafiki, na mama yangu hatuachi tulikaribie ziwa jua likitua. Maziwa ya Nakivale na Mburo ni ardhi ya majimaji yenye umaarufu; tangu mwaka 2006 yamo katika orodha ya Ramsar, ile ya mabwawa na maziwa yanayolindwa na mataifa, na wanyama ni sehemu ya umaarufu huo. Ndiyo maana nasema siyo ziwani! Nashangaa sana watu wanaojibu hoja yangu kwa kutaja ziwa, hali nimesema kijito. Kiboko apenda maji ya kina na majani ukingoni. Kijito chembamba chenye mawe, kinachoteremka kutoka vilimani, si makao yake. Hata hivyo sitaki mtu aniamini kwa maneno. Mahali popote patakapochaguliwa, watu wa kijiji waulizwe kwanza, na kijito kitembelewe kwa miguu toka juu hata chini, asubuhi na jioni, kabla ya chombo kuingia. Na kichocho kisisahauliwe, maana konokono wake wanapenda maji yaliyosimama kuliko yanayokimbia, na dawa yake ipo hospitalini.

Mvua nayo ina neno lake. Kijito cha mwezi wa Julai si kijito cha Novemba. Huku kwetu mvua huja mara mbili, kutoka Machi hata Mei na kutoka Septemba hata Desemba, na kile ambacho ulikipita ukicheka chaweza kuwa chekundu, kimebeba migomba na mizizi, mvua ya usiku mmoja tu ikinyesha vilimani. Mwalimu mwema siku hiyo husema, tunarudi darasani, na asione haya.

Nimesema mengi juu ya hatari, sasa niseme juu ya mto wenyewe, kwa kuwa nadhani hapa ndipo watu wa Mbarara watakaponisikiliza.

Mto wa Mbarara ni Rwizi. Hutoka vilima vya Buhweju, hukusanya vijito vya Sheema na jirani zake, hupita mjini, kisha huelekea mashariki kwenye maziwa yetu, Mburo na Nakivale na wenzao. Wataalamu wa ardhi wasema kwamba zamani sana mito ya upande huu, Kagera, Katonga na Rwizi, ilikuwa ikienda magharibi; kisha nchi ikainuka kando ya Bonde la Ufa, mito ikageuzwa ikarudi mashariki. Ndiyo sababu mabonde yetu ni mapana, yamejaa mafunjo, na maji yamelala kama mtu asiyejua aende wapi. Nami, kama mtu niliyegeuzwa njia mara mbili kabla ya kufika miaka kumi, naupenda mto huu kwa sababu hiyo.

Lakini mto umekonda. Mjini wanakunywa maji yake, na kiangazi kikiwa kikali hushuka mpaka mawe yaonekane. Mabwawa ya mafunjo yaliyokuwa yakishika maji kama sifongo yamekatwa yakawa mashamba, mchanga unachimbwa, matofali yanachomwa ukingoni. Sheria ya mwaka 2000 yasema katika mito mikubwa, na Rwizi umo katika orodha, mita 100 kutoka ukingo zisilimwe wala zisijengwe. Mtu yeyote apitaye darajani Mbarara aweza kupima kwa macho yake kama mita hizo zipo. Ila kutoka darajani waona hatua mia tu za mto. Barabara haifuati mto. Mto wetu umeachwa bila shahidi.

Basi fikirini wanafunzi ishirini wanaoshuka kijito kilekile kila mwezi. Watajua shimo jipya la mchanga limechimbwa wapi. Watajua ni bomba gani linatoa maji meusi, na siku gani. Watajua jiwe lililokuwa limefunikwa mwaka jana na sasa limekauka. Hakuna kilabu cha mazingira kilichokaa darasani, kikichora mabango ya "Tunza Mazingira" kwa rangi nne, kitakachojua hata robo ya hayo. Mnisamehe wenzangu wa kilabu. Mabango yenu ni mazuri, lakini samaki hawasomi. Sisi wa Nakivale tupo chini ya mto, na lolote litendwalo juu hutujia. Wanafunzi wa Mbarara na wa Nakivale wakipiga kafi pamoja katika kijito kimoja, kwa mara ya kwanza watakuwa na jambo la kuzungumza zaidi ya mpira, na pengine wenzetu wa mjini wataona kwamba Kiswahili si lugha ya askari na wezi kama walivyoambiwa na babu zao. Mkondoni neno "kushoto!" likisemwa, kila mtu atalijifunza upesi.

Gharama zipo, sikatai. Kayaki mpya ni ghali, hata shule yenye karo kubwa itakuna kichwa. Lakini zipo zilizotumika, na chombo cha plastiki hudumu miaka mingi kikitunzwa mbali na jua. Wala hatuhitaji ishirini. Vinne vyatosha: wanne majini, wanne ukingoni wameshika kamba za kurusha, wengine wanatazama na kungoja zamu, ambayo nayo ni masomo. Jambo nisilokubali kupunguziwa ni jaketi la kuelea na kofia ngumu kwa kila aliye majini, bila kujali kina. Shule isiyoweza kununua jaketi isinunue kayaki. Naona kuna shule moja, sitaitaja, iliyopeleka watoto wake majini katika mashua yenye majaketi sita kwa watu kumi na saba, wakaambiwa wavae wale wanaoogopa. Bahati ilikuwa upande wao siku hiyo.

Nawaomba pia wasichana wasiachwe ukingoni kushika nguo. Wao ndio wanaochota maji, wao ndio wanaobeba wadogo zao mgongoni penye kivuko. Ikiwa kuna mtu anayehitaji kujua maji, ni yeye. Tena kayaki haitaki mabega mapana bali kiuno chepesi na utulivu. Wazazi watakaosema kwamba mavazi ya majini hayana heshima waonyeshwe: suruali ndefu, fulana ya mikono, jaketi juu yake, kofia kichwani. Hata shehe wetu wa upande wa Wasomali, nilipomweleza, aliuliza tu kama wavulana na wasichana watakwenda siku tofauti. Nikamwambia hilo laweza kupangwa.

Utaratibu ninaoutaka ni wa polepole. Muhula wa kwanza ni wa kuogelea tu, katika mojawapo ya mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Mbarara, siku za katikati ya wiki ambapo hayana wateja na bei yaweza kuzungumzwa. Asiyeweza kukaa juu ya maji dakika tano asikae katika chombo. Muhula wa pili, kayaki katika maji yaliyosimama, bwawa la kunyweshea ng'ombe lililokaguliwa, likiwa halina kina kirefu. Hapo ni kupinduka na kutoka mpaka mtu achoke. Kijito kije mwishoni, wakati wa kiangazi, na mwalimu awe ni mtu aliyefundishwa, ikiwezekana mmoja wa vijana wa Jinja ambao mawimbi yao yamezamishwa na ambao wangefurahi kupata kazi. Daraja la pili tukifika, tukae hapohapo miaka miwili.

Barua ya kuiomba kamati ya michezo imekwisha kuandikwa, nayo ina sahihi kumi na nane mpaka leo. Mwalimu wa michezo amesema ataipokea ikifika hamsini, kabla ya muhula kwisha. Iko kwangu, nami huwa chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba baada ya kipindi cha mwisho, siku zote isipokuwa Ijumaa. Anayekuja kutia sahihi aandike pembeni kama anajua kuogelea au hajui. Wasiojua waje mapema, maana ndio tutakaowahesabia nafasi kwanza.